Mwanamke asiye na uso: ushauri kwa mchoraji anayeandaa maonyesho yake peke yake

Ukisikia maonyesho yanahusu uhuru wa mwanamke, mara nyingi unajua utakachokuta kabla hujavuka kizingiti: ndege anaruka, mnyororo umekatika, mama ana mtungi kichwani na amekupa mgongo. Uso hana. Picha hiyo inauzika kwa watalii, na hatumlaumu anayeichora. Kodi ya nyumba haingoji. Ila ukumbini kwako mwanamke huyo hana uhuru wowote wa kueleza. Amekuwa pambo.

Kwa hiyo anza kwa kuchuja. Tandaza picha zote sakafuni, uzigawe mafungu matatu: zile ambamo mwanamke anatazama au anafanya kitu, zile ambamo anatazamwa tu, na zile ambamo hayumo ila alama zake zimo, kama kiti alichoinuka au chumba anachokiota. Fungu la pili likizidi theluthi ya kazi zote, ahirisha tarehe. La tatu wengi hulidharau, na humo ndimo mawazo hupata pa kutembea.

Ukichora kanga, ichore kama kanga. Ina pindo la pembeni, mji ulio katikati na jina, yaani msemo wake, na jina hukaa juu ya pindo la chini. Wachoraji wengi hukwangua vistari tu pale penye maandishi wakidhani hakuna atakayesoma. Mtazamaji wa Mombasa au Unguja atalisoma jina kwanza, sura baadaye. Mvalishe "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" mwanamke aliyeketi kimya kwenye kikao cha ukoo, uone picha inavyogeuka. Kwa vistari, hilo halipatikani.

Sasa ukuta. Pima urefu wake wote, toa milango, madirisha na swichi za taa. Tuseme zinabaki mita 24. Picha zenye upana wa sentimeta 80, zikiachana sentimeta 50, zinaingia 18: mita 14.4 za picha na 8.5 za nafasi. Hiyo ni hesabu ya ukuta mmoja ulionyooka. Kona nazo hula nafasi, hivyo chukua 15 au 16 na usione uchungu kuziacha nyingine nyumbani. Kosa la maonyesho ya kwanza ni kujaza ukuta kama duka la jumla, mgeni akachoka kwenye picha ya sita.

Kimo cha kutundika kinaharibu zaidi ya yote. Sebuleni kwetu picha za familia huning'inia karibu na dari, na mazoea hayo tunayabeba hadi ukumbini. Katikati ya picha ikae sentimeta 150 kutoka sakafuni. Kujua msumari uende wapi, chukua 150, ongeza nusu ya kimo cha picha, kisha toa umbali kati ya ukingo wa juu na waya wa kutundikia, ulio nyuma ya picha, ukiwa umevutwa. Picha ya kimo cha sentimeta 80 ambayo waya wake umeshuka 8 inataka msumari kwenye 182. Watu husahau kutoa ule umbali wa waya, na mstari mzima unakwenda mrama.

Kwa picha ya uso, achana na katikati. Pima macho ya aliyechorwa na uyaweke kwenye 150 hadi 155. Mgeni akisimama mbele yake, wanakutana ana kwa ana. Ukimshusha, mgeni anamtazama kwa juu, na mada yako yote imeanguka kwa sababu ya futi kamba.

Majina nayo yana uzito. Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya sanaa ya Uingereza iitwayo Turner mwaka 2017, mnamo 2004 alisimamisha ukumbini maumbo bapa 100 yenye kimo cha binadamu, ya watumwa Waafrika waliotumikishwa Ulaya. Kila mmoja alikuwa na jina lake la asili na lile alilobandikwa na bwana wake. Ukitoka hapo, ukakuta lebo iliyoandikwa "Mwanamke III", utaona aibu kidogo. Lebo iwe na jina la picha, mwaka, aina ya rangi na kitambaa, kimo kikitangulia upana. Herufi ziwe kubwa za kutosha kusomwa bila miwani. Maelezo ya mada yawe mamoja tu, karibu na mlango, maneno 150 basi.

Pwani ina adui wake: unyevu. Amerikani, kile kitambaa cha pamba cha kuchorea, iliyopigwa jeso, rangi nyeupe ya msingi, hulegea wakati wa masika. Gonga kabari kwenye kona za fremu taratibu hadi kitambaa kikaze, usikivute upya kwa nguvu, rangi itapasuka. Rangi ya akriliki hukauka upesi, lakini kwenye joto hubaki laini na kunata. Ukiifunga kwa nailoni yenye malengelenge, yakagusa rangi, utafika ukumbini na picha yenye viduara mwili mzima, na havifutiki. Tanguliza karatasi ya kuokea mikate, kisha nailoni, malengelenge yakitazama nje. Usilaze picha mbili uso kwa uso. Rangi ya mafuta isipakwe vanishi kabla ya miezi 6. Ikiwa nene, ngoja mwaka.

Bei ipange kwa kanuni moja: jumlisha kimo na upana, zidisha kwa kiwango kimoja kwa kazi zote. Picha uipendayo sana usiipandishie bei, iandike "haiuzwi". Asilimia ya ukumbi, ambayo mara nyingi ni kati ya 30 na 50, iwe imo ndani ya bei tangu mwanzo, na iandikwe kwenye mkataba pamoja na nani atalipa picha ikidondoka. Mnunuzi naye aambiwe kwa maandishi kwamba ananunua picha, si haki ya kuichapisha kwenye fulana na vikombe. Hakimiliki inabaki kwako hadi utakapoihamisha kwa mkataba.