Faradhi na wajibu

Swali: Katika tangazo la kazini niliandika, "Ni faradhi kwa kila mfanyakazi kuvaa sare." Mwenzangu amelikataa neno hilo. Kwani faradhi na wajibu si kitu kimoja?

Jibu: Mwenzako ana sikio zuri. Faradhi ni amri ya dini: Mwislamu akiitekeleza hupata thawabu, akiiacha bila udhuru hupata dhambi. Anayefaradhisha ni Mwenyezi Mungu, si meneja. Andika "ni lazima" au "ni wajibu wa kila mfanyakazi", na sare zitavaliwa vilevile.

Kwa mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, maneno hayo mawili karibu ni sawa, ila katika hija. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu mengine, huyatenga. Lakini katika Kiswahili cha kila siku yameshaachana. Wajibu limetoka msikitini likaingia ofisini na bungeni, likazaa kuwajibika, kuwajibisha na uwajibikaji. Faradhi limebaki palepale, na kitenzi chake nacho ni cha ibada: "Saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa 2 wa Hijra." Ukilitoa humo, msomaji hudhani unatia chumvi. Kwa mzaha linafaa sana: "Kwake kahawa ya jioni ni faradhi."

Neno hili huonekana vizuri likiwekwa kando ya suna, ibada isiyo ya lazima. Chukua sala ya alfajiri: rakaa 2 za suna hutangulia, kisha 2 za faradhi. Aliyeacha zile za mwanzo amekosa thawabu tu. Aliyeacha za pili ana deni, hana budi kuzilipa.

Waandishi wengi huteleza kwenye maziko. "Kumsalia maiti ni faradhi kwa kila Mwislamu" si sahihi. Hiyo ni faradhi ya kifaya: wakitokea wachache wakaisimamisha, wengine wamevuliwa mzigo, asipotokea hata mmoja, wote wanaingia dhambini. Sala tano ndizo faradhi ya aini, yaani ya kila mtu binafsi: hakuna wa kusali kwa niaba ya mwenzake.

Upatanisho: faradhi hii, faradhi hizi, wajibu huu. "Mafaradhi" lisikusumbue, halihitajiki. Vitabu vya fikihi huandika pia "fardhi", kwa kufuata Kiarabu. Sanifu ni faradhi, lenye irabu ya katikati, kama "bahr" ya Kiarabu ilivyokuwa bahari. Ukikuta "elimu ya faraidhi", usiisahihishe: hiyo ni elimu ya kugawa mirathi.