Kwa nini wanafizikia hawaachi kuuliza "Umejuaje?"

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama hao wanafizikia unaofanya nao kazi siku hizi wana dharau, maana kila ukiwapa namba wanakurudishia swali: "Umejuaje? Jumlisha au toa ngapi?", yaani namba hiyo huenda imekosea kwa kiasi gani juu au chini. Si dharau, mwanangu. Ni mazoea ya maabara, na humwingia mtu tangu mwaka wa kwanza.

Tuseme unataka kupima mvutano wa dunia kwa jiwe linalobembea kwenye uzi wa mita moja. Kwenda na kurudi hutumia sekunde 2 hivi. Kidole kinachobonyeza saa huweza kukosea kwa sekunde 0.2. Ukipima mara moja, kosa ni asilimia 10 ya muda; na kwa kuwa hesabu ya mvutano wa dunia hutumia kipeo cha pili cha muda huo, kwenye jibu linakuwa asilimia 20. Jibu hilo halifai kitu. Sasa acha jiwe libembee mara 20 mfululizo, sekunde 40, kisha ugawe kwa 20. Kidole kimekosea vilevile, lakini jibu limepotoka asilimia 1 tu. Hapo ndipo makosa yaliyojificha huanza kuonekana: uzi ulipimwa mpaka juu ya jiwe badala ya katikati yake, au jiwe lilivutwa pembeni kupita pembe ya digrii 10. Aliyefundwa hivyo hatulii akiona namba tupu.

Mwaka 2011 watafiti wa jaribio la OPERA, Italia, walikuta nutrino (chembe ndogo mno) zilizotoka CERN, maabara ya fizikia iliyo Uswisi, umbali wa kilomita 730, zimefika nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 60 mapema kuliko mwanga, ilhali fizikia husema hakuna kinachoushinda mwanga mbio. Walitafuta kosa miezi kadhaa bila kuliona, ndipo wakatangaza na kuwaomba wenzao wawachunguze. Mapema 2012 likapatikana: kiungo cha waya wa faiba, uliopitisha ishara za saa, hakikukazwa sawasawa. Kuomba hadharani ukosolewe, hiyo ndiyo tabia yao ninayoiheshimu kuliko zote.

Kasoro yao ni kurahisisha. Kwenye jiwe na uzi, kupuuza upinzani wa hewa hakuharibu kitu. Wakiingia kwenye kilimo au uchumi, huweza kupuuza jambo ambalo wenye fani wanajua ndilo kiini. Hapo waulize wewe: "Mmejuaje?"

Ukiwapelekea vipimo vyako, andika kizio (mita, sekunde) kando ya kila namba, umepima mara ngapi, na kipimo kikubwa kimepishana na kidogo kwa kiasi gani. Kama ulipima mara moja tu, waambie kabla hawajauliza.

Mama yako