Ukienda Sanje, Lala Mang'ula

Mara ya kwanza nilipopanda Maporomoko ya Sanje, kwenye Milima ya Udzungwa mkoani Morogoro, tulikuwa safarini, tunatoka Ifakara kurudi Dar es Salaam. Mwenzetu mmoja akasema tupite mara moja tukayaone maji. Tulianza kupanda saa sita mchana, mbiombio, tukapiga picha, tukashuka mbio vilevile. Magoti yaliniuma wiki nzima, na msitu wote ule sikukumbuka mti hata mmoja. Miaka miwili baadaye nilirudi nikalala siku mbili Mang'ula, mji mdogo ulio chini ya milima hiyo, ndipo nikajua nilikuwa nimekosa nini.

Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: lala Mang'ula. Mabasi ya Ifakara yanayotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hupita hapo hapo. Ukifika Mikumi mjini unaacha barabara ya Iringa, unakata kushoto, unavuka mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, kisha mashamba ya miwa yanakupokea. Kuanzia hapo tazama upande wa kulia. Milima ya Udzungwa inasimama kama ukuta juu ya bonde la Kilombero, na siku isiyo na mawingu unaona mstari mweupe ukining'inia katikati ya kijani. Hayo ndiyo maji ya Sanje, yanayoshuka kwa hatua tatu, jumla yake kama mita 170.

Sababu ya kulala ni jua. Mlima uko magharibi ya barabara, hivyo mwanga wa asubuhi unayapiga maporomoko usoni, na alasiri kivuli kinashuka mapema sana. Aanzaye saa moja asubuhi hupanda kwenye ubaridi, huyakuta maji yanang'aa, na hurudi bila kukimbizana na giza. Kwenda na kurudi ni kama saa nne, lakini wewe tenga sita.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara za kutalii kwa gari. Ni miguu tu, nami naipenda kwa sababu hiyo. Jiandikishe makao makuu ya Mang'ula, na ubebe kitambulisho cha taifa ili ulipe kiwango cha Mtanzania. Fedha taslimu hazipokelewi, basi hakikisha simu au kadi yako ina salio. Njia ya Sanje yenyewe inaanzia kituo kingine, kilomita chache kurudi upande wa Kidatu, kwa hiyo panga bodaboda au bajaji tangu jana yake.

Utapanda na mwongozaji. Naomba sana usimchukulie kama mlinzi wa kukusindikiza tu. Muulize. Mwaka 1979 watafiti wawili walisikia humu mlio wa nyani wasiyemfahamu, na mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza ndiye aliyewaambia kwamba huyo ni ngolaga. Sayansi ikamwandika kama mnyama mpya, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa milima hii. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote. Mwongozaji wangu wa mara ya pili alisimama ghafla, akainua kidole, tukanyamaza. Dakika kumi hivi hatukuona kitu. Kisha matawi yakatikisika, na mbega wekundu wakapita juu yetu, mmoja akiwa na mtoto aliyemng'ang'ania tumboni. Mara ya kwanza bila shaka niliwapita hivihivi.

Vaa raba zenye meno au buti, wala usidanganywe na wenyeji wanaopanda na kandambili, wao wamezaliwa hapo. Chomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Maji lita mbili, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, na taka zote urudi nazo. Chukua na fimbo: kupanda ni pumzi, kushuka ni magoti, na mizizi yenye umande huteleza kama sabuni.

Kwenye vidimbwi unaweza kuoga, na baridi yake inakupitia hadi mifupani. Lakini oga pale tu mwongozaji anapokuonyesha, na usisogelee ukingo ambapo maji yanadondokea, hata kwa picha. Mvua inaweza kunyesha huko juu na wewe chini uko kwenye jua. Ukiona maji yanabadilika rangi, au majani na vijiti vinaanza kuteremka kwa wingi, toka bila kubishana. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mimi siendi. Maji ni mengi na ya kupendeza kweli, ila njia ni utelezi mtupu. Juni hadi Oktoba ndiyo nafuu.

Kama unakuja na wazee au watoto wadogo, kuna njia fupi karibu na lango la Mang'ula inayokwenda kwenye maporomoko madogo ya Prince Bernhard. Mama yangu aliipita polepole akiwa na fimbo yake, akakaa juu ya jiwe, akavua viatu na kutia miguu majini. Jioni tulikula wali wa mchele wa Kilombero, ule unaonukia kabla sufuria haijafunuliwa, na kabla hatujalala akauliza kesho tunaondoka na basi la saa ngapi, maana angependa apite pale kwenye jiwe tena.