Maswali ya Wasomaji: Kwa nini meli za Yukon zilikuwa na gurudumu nyuma?

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamenibana. Wameona picha za meli za mvuke za mto Yukon, Kanada, enzi za dhahabu ya Klondike, gurudumu kubwa likiwa nyuma. Meli yetu ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika, iliundwa 1913 na haina gurudumu. Kwa nini? – Mwalimu wa historia, Moshi

JIBU: Mwalimu, ni suala la kina cha maji. Ziwa Tanganyika lina kina kirefu, pangaboi (propela ya chini ya meli) linazunguka bila kugusa kitu. Yukon ina mafungu ya mchanga yanayohama. Huko pangaboi likigonga gogo, kulitengeneza ni mpaka meli ipandishwe nchi kavu, na karakana iko mbali. Gurudumu huchota maji ya juu tu. Ubao wake ukivunjika, seremala anafungua boliti, anafunga mwingine, safari inaendelea.

Injini ilikuwa na silinda mbili za kulala, moja kila upande wa tezi, yaani nyuma ya meli. Kila pistoni ilisukuma mkono mrefu uliozungusha krenki, yaani mkono mfupi wa kuzungushia ekseli ya gurudumu. Krenki hizo zilipishana nyuzi 90, hivyo moja ikifika mwisho wa mwendo wake, pasipo nguvu, nyingine inasukuma kikamilifu na gurudumu halikwami.

Boila lilikaa upande wa omo, yaani mbele, ili kusawazisha uzito wa injini na gurudumu. Lakini tumbo la mbao, bapa na jembamba, likilemewa huku na huku, ncha hushuka, katikati hubinuka, maungio yakaachia maji. Ndiyo maana ziliwekwa fito za chuma kutoka omo hadi tezi, zikipita juu ya nguzo na kukazwa kwa skrubu. Waonyeshe wanafunzi fito hizo pichani. Bila hizo meli ingevunjika mgongo.

Kuni za boila zilirundikwa kandokando ya mto. Hata SS Klondike ya 1937, iliyohifadhiwa Whitehorse, iliteremka kilomita 740 kutoka huko hadi Dawson, mji wa wachimba dhahabu, kwa saa 36, lakini kupanda ilichukua siku 4 au 5, ikipigana na mkondo na kusimama mara kwa mara kupakia kuni. Kwenye maporomoko ya Five Finger ilivutwa kwa waya na winchi.

Pamoja na ustadi huo wote, msimu wa vuli wa 1897 maji yalipungua mno karibu na Fort Yukon, kituo cha Alaska kilicho chini ya Dawson kwenye mto huo. Meli zilizosheheni zikakwama, na chache zilizofika Dawson zilikuwa zimepunguza mizigo. Chakula kikawa haba, watu wakahimizwa kuteremka kukifuata Fort Yukon kabla mto haujaganda.