Ukishachekesha, Watataka Uchekeshe Tu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, swali mnaloniuliza zaidi ni hili: nawezaje kuigiza, kuongoza na kupiga picha kwa wakati mmoja? Siwezi. Nilijaribu kwa miaka miwili nikaharibu vyote vitatu kwa zamu, na haya ninayowaandikia nimeyaokota humo humo kwenye uharibifu.

Uhusika ulionitoa ulikuwa wa kuchekesha, mtu wa kuingia, kuvuruga na kutoka. Watu wakampenda. Kabla mwaka haujaisha nikawa naitwa njiani kwa jina ambalo mama yangu hakunipa, na kila simu ya kazi inamtaka yule yule: yule jamaa kwenye tangazo, yule jamaa awe mshereheshaji, yule jamaa aseme ile kauli yake. Kuna wanaofika hapo wakaanza kumdharau aliyewatoa, wakataka ghafla kazi za kulia na kunung'unika ili waonekane waigizaji. Mimi nasema mleeni. Lenzi yangu ya kwanza ya maana alininunulia yeye.

Ila someni mkataba. Kuna kifungu cha upekee, kinachoweza kukuzuia kutumia sura ya mhusika kwenye matangazo ya watu wengine, na kuna kifungu cha mwonekano, kinachokuzuia kubadili sura yako kazi ikiendelea, ambacho wageni hukiruka kwa sababu kinahusu nywele. Nilikubali kuigiza filamu fupi ya rafiki, nikanyoa sharubu. Tamthilia yetu, ile ya yule jamaa, ilikuwa imeshapiga sini (tukio) ya nje ya mlango. Ya ndani ilipangwa wiki iliyofuata. Kwa hiyo jamaa anafungua mlango ana sharubu, anatokea sebuleni hana. Nikabandikwa za bandia, na kila nikitabasamu upande wa kushoto unabanduka. Mtunza mwendelezo, anayehakikisha sini zinaoana, hakunisemesha siku nzima, na alikuwa na haki.

Kuongoza ndiko kulikonitoa jasho kuliko vyote. Nilikuja na jicho la mpiga picha nikidhani ni mtaji, kumbe lilikuwa pia kikwazo. Siku moja tulikuwa na sini rahisi: mtu anaomba msamaha kwa mkewe kwa machozi, huku nyuma yake mtoto anashusha kabati zima kimya kimya. Nikaweka lenzi ya mm 85, inayovuta sura karibu, tundu lake la mwanga nikalifungua sana hadi f/1.8, sura ya mwigizaji ikang'aa na nyuma kukawa ukungu mtamu. Nikajipongeza. Kwenye uhariri hakuna aliyecheka, kwa sababu kichekesho chote kilikuwa ndani ya ule ukungu. Tulirudia kwa mm 35, lenzi pana zaidi, tundu tukalibana hadi f/5.6, kamera imerudi nyuma, wote wanaonekana, hakuna kukata. Ndipo watu wakacheka. Kichekesho kinahitaji nafasi, na mara nyingi kinahitaji uone anayetenda na asiyejua kinachotendeka katika fremu moja. Picha mnato, ile isiyosogea, inaweza kuishi kwa uzuri wake. Sini ya kuchekesha ikiwa nzuri kupita kiasi, mtazamaji anaangalia taa.

Kingine cha wapiga picha, kidogo lakini kinauma: jua likiwa kali tumezoea kupandisha kasi ya shata, yaani kufupisha muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, shata ya kawaida ni 1/50. Ukiipandisha hadi 1/500, mtu anayeanguka anaonekana kama anakatika vipande vipande. Acha shata ilipo, weka kichujio cha kupunguza mwanga.

Kujiongoza mwenyewe ni shughuli nyingine kabisa. Nilikuwa na tabia ya kusema "kata" mara tu nikihisi nimekosea, tena kwa sauti ya mhusika. Nilipoanza kukaa na mhariri nikagundua nilikuwa nakata sekunde moja kabla mwenzangu hajafanya uso mzuri kuliko yote ya siku ile. Sasa "kata" anasema msaidizi wangu wa kwanza. Mtu mwingine anasimama mahali pangu tunapopanga kamera. Na siangalii kila teki (kila mara tunaporudia sini) kwenye monita, maana teki ya dakika 2 ukiitazama ni dakika nyingine 2, teki kumi zimekula dakika 20 na mwanga umeondoka. Naangalia ya kwanza na ile ninayodhani imekubali. Mtanitajia Charlie Chaplin, mchekeshaji wa filamu za kimya, aliyeigiza na kuongoza na kurudia hadi aridhike. Chaplin alikuwa na studio yake mwenyewe; sisi wengine jenereta tunalipia kwa siku.

Picha mnato ndiyo niliyoidharau kwa kudhani inaingia popote penye nafasi. Haiingii. Ratiba ya kushuti inasogea kila siku, mvua ikinyesha inasogea tena, lakini harusi haina teki ya pili. Niliwahi kumwachia mwenzangu harusi ya watu saa tatu kabla haijaanza kwa sababu sini yangu ilikuwa imerefuka, na yule bibi harusi hadi leo tukikutana ananisalimia kwa adabu tu. Tangu hapo, mwezi wenye kushuti sichukui sherehe yoyote. Nachukua picha za sura, ambazo mteja na mimi tunaweza kuzisogeza.

Leonard Nimoy, yule Spock wa Star Trek, aliigiza, akaongoza filamu, na akawa mpiga picha wa kweli; ukitazama maisha yake, vitu hivyo vilipokezana kwa miaka mingi. Jeff Bridges, mwigizaji wa Marekani, naye hubeba Widelux, kamera ya filamu ambayo lenzi yake huzunguka na kutoa picha pana, akapiga wenzake kazini na kuwatengenezea vitabu vya kumbukumbu. Hilo la Bridges ndilo nililoiga. Namwomba prodyuza ruhusa kwa maandishi, natumia shata isiyo na sauti, sipigi wakati wa teki, wala sirushi picha yoyote mtandaoni kabla kazi haijatoka. Kama seti ina mpiga picha wake, namwomba yeye kwanza.

Picha ya kwanza niliyolipwa bila mtu kumtaja yule jamaa ilitoka huko. Ni fundi wa taa, saa kumi alfajiri, amelala juu ya mifuko ya mchanga, glavu zake kazilaza kifuani kama mtu anayesali. Aliyeinunua ni yeye mwenyewe, apeleke nyumbani. Mkewe alikuwa haamini kwamba kazi yetu inachosha.