Je, naweza kupaka rangi paneli za kufyonza sauti?

SWALI: Chumba changu cha kurekodia kina paneli za sufi ya madini zilizofunikwa kitambaa cha kijivu. Rangi hiyo imenichosha. Fundi rangi anasema nikipiga mkono mmoja mwepesi wa rangi ya maji, hakuna kitakachoharibika. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na huo "mkono mmoja mwepesi" nausikia kila kukicha. Watu hudhani kinachofyonza sauti ni ulaini, kwa hiyo paneli ikiendelea kubonyea kwa kidole, basi nzima. Hapana! Sauti ni mtikisiko wa hewa. Lazima hewa hiyo ipite kwenye kitambaa, iingie kati ya nyuzi za sufi na kusuguana nazo, ndipo nishati yake igeuke joto, tena dogo mno. Rangi ya maji ikikauka huacha utando wa plastiki juu ya matundu. Sauti za juu ndizo zinazogonga utando huo na kurudi kwanza, huku zile nzito zikiendelea kumezwa kiasi. Utasikia "s" na "sh" zinachoma masikio, kisha utailaumu maikrofoni.

Chukua kipande cha kitambaa, kibane mdomoni upulize. Hewa ikipita bila kulazimisha, kinafaa. Kipake rangi, kikauke, upulize tena. Baada ya hapo hutanihitaji mimi wala fundi wako.

Ukitaka mapambo, vesha kitambaa kingine juu ya hicho, mradi nacho kinapitisha hewa, na ukibane kwa pini nyuma ya fremu. Usipulizie gundi uso mzima, maana nayo ni utando. Picha ichapishwe kwenye poliesta kwa joto, rangi iingie ndani ya uzi. Ile inayokaa juu kama mpira, ya fulana zinazobanduka, haifai. Turubai ya mchoraji iliyokwisha kupakwa rangi ya msingi na ngozi bandia pia hazifai. Fremu za pembeni zipake utakavyo. Kitambaa kipya kiwe kile kisichoshika moto upesi.

Nisichokivumilia ni wauzaji wa "rangi ya kuzuia sauti". Wimbi la sauti la Hz 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 34 hivi, na la Hz 100 linapita mita 3. Utando usiofika hata milimita moja utalifanya nini? Wenzao wanauza trei za mayai, ambazo hazifyonzi cha maana, au sponji nyembamba kwa ahadi kwamba jirani hatakusikia, ilhali kupunguza mwangwi ndani na kuzuia sauti isitoke nje ni kazi mbili tofauti. Mwuzaji yeyote mwombe jedwali la vipimo vya maabara vya ISO 354, kiwango cha kimataifa cha kupima ufyonzaji wa sauti, linaloonyesha ufyonzaji kwa kila masafa, kuanzia sauti nzito hadi za juu. Akikuletea video ya mtu anayepiga makofi chumbani, usimlipe.