Kutoa transfa ya muda wote na kufunga ya kuchagua mwenyewe: yaliyonikuta kwenye Grand Cherokee yangu ya 1995

Mkuu, nimekusoma vizuri. Una Jeep Grand Cherokee ya kizazi cha kwanza, zile za 1993 hadi 1998, transfa yake (kile kisanduku nyuma ya giaboksi kinachogawa nguvu mbele na nyuma) inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na ukikata kona kali kwenye lami gari linaruka-ruka kama kuna mtu ameshika breki. Unauliza kama unaweza kuing'oa uweke transfa ya kuchagua mwenyewe kwa leva, 2H (nguvu nyuma tu) au 4H (magurudumu yote manne), na kama ni kazi ya siku moja.

Inawezekana. Nimeifanya kwenye langu la 1995, injini 4.0, giaboksi otomatiki, na bado ninalitembelea. Kufungua na kufunga transfa yenyewe ni kazi ya siku moja kweli. Kilichonila wiki tatu ni vitu vinavyoizunguka: propela (shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu kwenye ekseli), leva, na kigia kidogo cha spidomita. Watu wananunua transfa kwanza, halafu ndio wanaanza kuhangaika na hivyo vingine. Wewe usianzie hapo.

Anza kwa kuhakikisha ugonjwa. Transfa uliyonayo bila shaka ni NP249, ile Jeep waliyoiita Quadra-Trac. Ndani yake kuna kaplingi ya viskasi: kopo lililofungwa, limejaa sahani nyembamba na mafuta mazito ya silikoni. Ikiwa nzima, inaruhusu propela ya mbele na ya nyuma kupishana mwendo kidogo unapokata kona, maana magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ikichoka, mara nyingi inaganda. Mbele na nyuma zinakuwa kama zimefungwa pamoja, na ule mvutano hauna pa kutokea isipokuwa kwenye tairi. Ndiyo huko kuruka unakokusikia.

Namna ya kuipima: endesha kama dakika 20 ipate moto, halafu tafuta uwanja mkavu, kata usukani mpaka mwisho na uzunguke taratibu. Ikiruka, una jibu nusu. Nusu ya pili, weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, giaboksi weka N, transfa iache kwenye 4Hi, yaani gia yake ya juu, kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na uweke stendi. Lizungushe kwa nguvu kwa kutumia chuma kirefu. Kaplingi nzima itakubali kuzunguka polepole, huku ikikukaza mkono muda wote. Iliyoganda haitaki kabisa. Ikizunguka bure kama feni, imekufa kwa upande mwingine, haisaidii kitu.

Kabla hujailaumu transfa, angalia tairi zako. Kama mbili ni mpya na mbili zimeisha, au saizi zimechanganywa, kaplingi inafanya kazi hata ukienda barabara iliyonyooka, inachemka mpaka inakufa. Nikikuta mtu ana NP249 nzima na tairi ndizo mbovu, namwambia anunue tairi. Hiyo transfa ikiwa nzima ni kitu kizuri sana kwenye mvua, na sioni sababu ya kuing'oa.

Kuna fundi atakwambia chomoa propela ya mbele, tatizo limeisha. Usikubali. Kelele itaisha kweli, ila kuanzia hapo nguvu yote inayokwenda nyuma inapita kwenye hiyo kaplingi iliyokwisha. Na kuna hatari ambayo wengi hawaijui: ukiwa umechomoa propela ya mbele kwenye transfa ya aina hii, kuweka P peke yake hakulishikilii gari mlimani, maana upande wa mbele uko wazi na kilichobaki ni kaplingi. Langu lilianza kusogea lenyewe taratibu nikiwa nimesimama pembeni. Breki ya mkono ndiyo iliyoniokoa, na mwanangu alikuwa ndani.

Sasa uchague nini? Zinazoingia bila kukata bodi ni mbili, NP231 ambayo ni Command-Trac, na NP242 ambayo ni Selec-Trac. Zote mbili gia ya chini ni 2.72 kwa 1, sawa na uliyonayo, kwa hiyo mlimani hupotezi kitu. NP231 ina 2H, 4H, N na 4L, ambayo ndiyo gia ya chini. Ni rahisi, imara, spea zake ni nyingi. Lakini 4H yake ni ya matope, mchanga na barabara ya vumbi tu. Ukiitumia kwenye lami kavu utarudi kwenye ugonjwa uleule wa kuruka, safari hii kwa makosa yako. NP242 ina zaidi: 2H, nne za muda (kama 4H ya 231), nne za kudumu zenye difu katikati, zinazokubali hata lami kavu, N, na 4L. Mimi nilifunga 231 kwa sababu gari langu linakwenda porini kuliko mjini. Kama gari lako ndilo linabeba familia kila siku na mvua zenu ni kubwa, nakushauri 242 kwa moyo wote. Ukiwa 2H kwenye lami yenye maji, gari zito linalosukumwa nyuma peke yake si lile ulilolizoea.

Ukishachagua, hesabu meno. Ndani ya mdomo wa transfa, pale shafti ya giaboksi inapoingia, kuna meno. Yangu yalikuwa 23. Transfa za Cherokee za otomatiki za kuanzia 1991 nazo ni 23, za kabla ya hapo, 1987 hadi 1990, ni 21. Kwa macho zinafanana kabisa, zote zina stadi (boliti za kufungia) 6, zote zitakaa mbele yako mezani ukiamini umepata. Tia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, hesabu kwa kidole, rudia. Zilizotoka kwenye gari la gia za mkono usizichukue kwa kubahatisha.

Vitu vya kuchukua kwa pamoja, na ikiwezekana kutoka gari moja lililochinjwa: transfa yenyewe, propela ya mbele, fito na mabano ya leva, na leva na bati lake lenye njia za kupita. Hilo bati watu wanalidharau. Leva ya 249 ina vituo vitatu tu, na njia iliyokatwa kwenye bati ni ya vituo vitatu. 231 ina vinne. Ukibaki na bati la zamani, transfa iko tayari kuingia 4L ila leva haina pa kwenda.

Propela ya mbele nayo: yangu ya zamani ilikuwa na joiti ya duara upande wa transfa, ile yenye gololi ndani na buti la mpira, imefungwa kwa boliti kwenye flanji. 231 niliyopata ilikuwa na uma wa kupokea krosi mbili. Haziingiliani hata ufanyeje. Nilizunguka siku nane kutafuta propela ya Grand Cherokee iliyotoka kiwandani na 231. Ya nyuma ilikubali ileile, kwa sababu nilichagua transfa yenye mkia wa aina ileile. Hata hivyo pima gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake: sukuma propela mpaka ndani kabisa, tia alama, rudisha ilipokuwa. Ibaki nafasi ya kama sentimita 2 na nusu ya kuingia zaidi. Isipokuwepo, siku utakapopiga shimo propela itaigonga transfa kwa ndani.

Transfa ya mtumba usiifunge kabla hujaifungua. Nati za nyuma zikitoka, ganda linagawanyika mara mbili na kila kitu kiko wazi. Shika cheni katikati uivute kwa vidole; ikilegea sana ikasogea mpaka kuukaribia ukuta, badilisha. Tazama vile vipande vya plastiki kwenye ncha za uma unaosukuma gia: vyangu vilikuwa vimelika upande mmoja, vyembamba kama ukucha, na mwuzaji alikuwa ameapa kwamba mashine ni nzima. Kagua pampu ya oili na bomba lake lenye chujio la wavu, na ule mpira wa duara unaoziba bomba linapoingia kwenye pampu, weka mpya. Sili zote tatu weka mpya. Na ukiwa hapo, badilisha pia sili ya mkia wa giaboksi. Ikivuja, oili ya giaboksi inahamia kwenye transfa kimyakimya. Zote zinatumia oili ileile ya otomatiki, rangi moja, kwa hiyo hutaona tone chini ya gari. Utaona tu giaboksi inapungua na transfa inafurika.

Kushusha na kupandisha sitakuchosha. Stendi nne imara, jeki ya giaboksi au watu wawili wenye nguvu, mwaga oili kwanza, chomoa bomba la kupumulia na waya, nati sita, vuta nyuma bila kupindisha. Ikigoma kuingia usiikaze kwa nati ili ijivute. Zungusha shafti ya nyuma kidogo mpaka meno yakutane, itaingia kwa mkono. Nimeona ganda la alumini limepasuka kwa ajili ya haraka hiyo.

Nirudi kwenye kigia cha spidomita, maana hapo nilipoteza kigia kizima. Gia hiyo ya plastiki inakaa kwenye kishikio kinachozungushwa, na kishikio hicho hakiko katikati, kimeegemea upande. Pembeni yake kumeandikwa 26–31, 32–38 na 39–45. Hizo ni hesabu za meno. Kundi lenye hesabu ya gia yako ndilo linalotakiwa liwe chini kabisa, pale penye namba 6 kwenye uso wa saa ya mishale. Gari nililotoa transfa lilikuwa na gia ya meno 31, difu zake ndefu, yaani propela inazunguka mara chache zaidi kwa kila mzunguko wa tairi. Langu lilikuwa na 34. Nikahamisha gia yangu, nikaacha kishikio kilivyokuwa. Kilometa chache tu mshale ukaanza kutetemeka, halafu ukalala sifuri. Nilipokichomoa, meno yote yalikuwa yamesagika, unga mweupe umejaa kwenye oili niliyomimina siku hiyohiyo. Kwa hiyo: gia yako ya zamani ifuate gari lako, kwa sababu inategemea difu na tairi zako, na kishikio ukizungushe kwenye kundi lake kabla hujakibana. Kihisi cha mwendo nacho kihame na waya wake.

Fito za leva ndizo za mwisho, na ndizo zitakazoamua kama utaifurahia kazi. Kabla hujaunganisha fito, ingia chini, shika mkono mdogo wa transfa kwa kidole na uupeleke kila kituo. Utausikia ukidumbukia, klik, kila mahali. Uache kwenye 4L. Juu, leva nayo iweke 4L, kisha ndipo ubane boliti ya kurekebishia, bila kuvuta wala kusukuma fito. Mimi nilibana transfa ikiwa 2H, nikaona zote zinaingia, nikaridhika. Siku ya kwanza mlimani, 4L, mzigo umekolea, nikasikia krrr moja fupi na leva ikanirukia mkononi. Gari likaanza kurudi nyuma. Nilipokuja kuangalia, leva ilikuwa inagusa ukingo wa bati kabla transfa haijadumbukia mpaka mwisho, meno yalikuwa yameshikana kwa ncha tu. Milimita kama nne za fito ndizo zilizonifanyia hivyo. Mwombe mtu apeleke leva 4L wewe ukiwa chini unatazama, na ubaki mwanya kati ya leva na bati.

Oili: 231 inachukua lita 1 na kidogo tu. Jaza gari likiwa sawasawa mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia. Baada ya kilometa 500 imwage, utazame kilichotoka, uweke nyingine. Kuingia 4H kutoka 2H unaweza ukiwa unatembea, usukani umenyooka. Kuingia 4L, giaboksi N na gari likiwa linajikokota kilometa 3 hadi 5 kwa saa. Likisimama kabisa mara nyingine meno yanagongana, usilazimishe, lisogeze kidogo ujaribu tena.

Kabla hujatoa hela yoyote, mkuu, lala chini ya gari, nyuma ya ganda la transfa kuna kibati cha duara. Kisafishe kwa brashi ya waya, kina aina ya transfa, namba yake na uwiano wa gia ya chini. Kipige picha, piga na pale propela ya mbele inapoungana na transfa, na uniambie difu zako ni za uwiano gani. Ukiniwekea hizo tatu hapa, nitakuambia propela ipi uitafute.